Mchezo Usio na Kufuli

Katika likizo ya Desemba niliitwa nyumbani kwa dada yangu, mwendo mfupi kutoka soko la Butere, ili niamue kesi ambayo mshtakiwa wake hakuwa binadamu. Alikuwa ni tarakilishi kuukuu, iliyonunuliwa ikiwa imekwisha kutumika kwingine, nayo ilikuwa mezani imefunikwa kitambaa kana kwamba ni maiti. Shemeji yangu, mkulima wa miwa, alitaka iuzwe. Karo ya muhula wa kwanza ilikuwa ikingojewa, na kijana wake, kwa maneno yake, alikuwa ameigeuza mashine ya masomo kuwa mashine ya michezo. "Shemeji," akaniambia, "wewe ndiwe mjomba wake. Neno lako atalisikia."

Sina budi kukiri kwamba nilikwenda huko nikiwa nimekwisha kata shauri. Hapa kwetu nimewaona vijana wakiinamia simu zao na kucheza kamari: kindege kinapaa kiooni, na fedha zilizochumwa tangu alfajiri kwa kubeba abiria hupaa nacho zisirudi. Aliyeshuhudia hayo huliogopa neno "mchezo". Isitoshe, katika likizo ya Agosti mimi ndiye niliyeichukua tarakilishi hiyo na kuifungia kabatini kwangu wiki nzima, bila kumwuliza mpwa wangu alikuwa akicheza nini.

Safari hii nilimwuliza. Akanijibu, "Keti, Mjomba, nikuonyeshe."

Mchezo wenyewe huitwa Akalabeth, nao una umri mkubwa kuliko mama yake. Uliandikwa mwaka 1979 na Richard Garriott, kijana wa Texas, Marekani, aliyekuwa ndiyo kwanza amalize shule ya upili. Aliuandika kwa ajili ya Apple II, mojawapo ya tarakilishi za mwanzo zilizotengenezwa ili ziwekwe nyumbani kwa watu. Kabla ya hapo, shule yake ilikuwa imemruhusu ajifundishe mwenyewe kuiandikia mashine maagizo, naye akatunga mfululizo wa michezo aliyoipa nambari tu badala ya majina. Akalabeth iliuzwa kwanza katika duka alimofanya kazi, ikiwa ndani ya mifuko ya plastiki, kisha mwaka 1980 ikasambazwa na kampuni moja ya California. Mwaka 1981 ikafuatwa na Ultima, na kutoka hapo ukoo mzima wa michezo ya kusafiri katika nchi za kubuni ukapata mmoja wa mababu zake.

Msomaji asidhani kwamba kuna picha za kupendeza. Kuna mistari tu juu ya kioo cheusi. Mchezaji huchagua kuwa mpiganaji au mganga, huingia dukani kununua chakula, shoka, ngao, upinde au hirizi, kisha hushika njia. Mfalme aitwaye Lord British humtuma ashuke mashimoni kuwaua viumbe wa kutisha mmoja baada ya mwingine, kuanzia vifupa vinavyotembea hadi zimwi liitwalo Balrog. Huko chini kuna wezi wa silaha, na kuna kijitu kiitwacho gremlini ambacho huiba chakula. Hirizi nayo haiaminiki. Yaweza kumwokoa mwenyewe au kumgeuza chura. Lakini adui mkuu si hao. Kila hatua hupunguza chakula, na chakula kikiisha mchezaji hufa kwa njaa, hata kama hakuna zimwi lililomgusa.

Nilikuwa karibu kusema kwamba huo ni upuuzi kama upuuzi mwingine. Hapo ndipo mpwa wangu alipousimamisha mchezo, akaiagiza mashine itoe orodha, na kioo kikajaa maandishi, mstari baada ya mstari, kila mmoja na nambari yake. Ulikuwa ni ule ule mchezo, ukionekana kwa ndani. Garriott aliuandika kwa BASIC, lugha ya tarakilishi iliyobuniwa kwa ajili ya wanaoanza kujifunza, na mwenye kutaka aweza kuisoma kazi yake kama asomavyo barua. Kijana akaweka kidole juu ya mstari mmoja na kuniambia, "Mjomba, hii ndiyo njaa."

Akanieleza kwamba wiki iliyotangulia aliufuta mstari ule. Alitembea nchi nzima bila kupungukiwa na chakula, na baada ya saa moja akachoka. Akaurudisha. Kisha akabadilisha majina ya viumbe kadhaa na kuwaita amanani, yale mazimwi ambayo nyanya yake, mama yangu, alitutishia nayo jioni tulipokuwa wadogo. Hakuona ajabu kufanya hivyo, nami sikuona pia, kwa kuwa Garriott mwenyewe alikopa jina la mchezo wake na lile zimwi Balrog kutoka kwa J.R.R. Tolkien, mtunzi wa Kiingereza aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892. Ikiwa kijana wa Texas aliweza kukopa mazimwi ya Mwingereza, wa Butere anayo ya kwao, wala hayaombi kwa mtu.

Naam, ndipo nilipong'amua kosa langu. Nilikuwa nimeiweka michezo yote katika kapu moja. Mwanzoni mwa Akalabeth mchezaji huulizwa achague nambari yake ya bahati, na nambari hiyo ndiyo huzaa ile nchi nzima. Atakayerudia nambari ile ile ataikuta nchi ile ile. Bahati hapo i mkononi mwa mchezaji na maandishi yake yasomeka. Katika kamari ya simu, maagizo yanayoamua kindege kianguke lini hayasomwi na mchezaji; yamewekwa na yule anayefaidika kikianguka. Mchezo mmoja hauna kufuli. Mwingine ni kufuli tupu.

Taifa letu limetumia fedha nyingi kwa jambo hili. Mnamo 2016 serikali ilianza kusambaza vishikwambi katika shule za msingi za umma, na mwaka 2022 mtaala wa usimbaji, yaani kuandika maagizo ya tarakilishi, ukaidhinishwa kufundishwa shuleni. Hayo ni mema. Hata hivyo, kifaa anachoruhusiwa mtoto kukigusa tu, asiruhusiwe kukifungua, humfundisha kununua alivyounda mwingine. Reli iliyotoka Kisumu ilikomea hapa Butere, nasi tumezoea kuwa watu wa mwisho wa reli, wanaopokea vilivyokwisha kutengenezwa kwingine. Mazoea hayo si sheria.

Sisemi kwamba kila mtoto atakuwa Garriott. Baba yake Garriott alikuwa mwanaanga aliyekaa angani mwaka 1973, na nyumba ya namna hiyo haifanani na nyumba inayosubiri malipo ya miwa. Karo nayo ni deni la kweli, halilipwi kwa nadharia za mjomba. Kwa hiyo sikutoa uamuzi mtupu. Niliahidi kuuza ndama wangu mmoja ili kuchangia muhula huo, na tarakilishi ikabaki, kwa masharti mawili: isiguswe kwa michezo usiku wa kuamkia shule, na kila Jumamosi kijana amweleze baba yake, kwa lugha ya nyumbani, mstari mmoja alioubadilisha na sababu yake.

Alianza jioni ile ile, kwa mstari wa njaa. Shemeji alisikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Kumbe kila hatua inakula chakula, na mwizi anangoja njiani," akasema. "Huo si mchezo, mwanangu. Hiyo ni miwa."

Wazazi wenzangu, kabla ya kuufungia kabatini mchezo wa mtoto, mwombeni kwanza awaonyeshe ndani yake. Ikiwa hauna ndani inayoonekana, basi afadhali kabati.