Kusafisha Kumbukumbu Mpya Ndani ya Kerneli

Kerneli ndiyo sehemu ya mfumo endeshi inayogawa nafasi ya RAM kwa kila anayeihitaji. Nafasi inaporudishwa, kwa kawaida kerneli haihangaiki kufuta kilichoandikwa humo. Inaweka alama tu kwamba pako wazi. Baiti za zamani hubaki palepale, kama shuka za mgeni wa jana katika chumba cha loji.

Simu za Android ambazo mawakala wa pesa za simu wa Arua na Koboko hushinda nazo zinaendeshwa na kerneli ya Linux. Programu ya kawaida inapoomba kumbukumbu, Linux huijaza sifuri kwanza, ukurasa mzima, ambao mara nyingi ni baiti 4,096. Hapo hakuna shida. Shida iko kwenye kerneli yenyewe: ikijitengea nafasi kwa kmalloc, amri yake ya kutenga kumbukumbu, kwa kawaida hupewa nafasi hiyo pamoja na takataka zilizokuwamo.

Tuseme mwanafunzi wa kompyuta wa Chuo Kikuu cha Muni, pale Arua, anaandika draiva, yaani msimbo wa ndani ya kerneli unaoendesha kifaa fulani. Rekodi yake, aliyoitengea nafasi kwa kmalloc, ina herufi moja ya baiti 1, kisha namba ya baiti 4. Kwa kuwa namba hiyo sharti ianze kwenye anwani ya kumbukumbu iliyo kigawe cha 4, kompaila, inayogeuza msimbo kuwa lugha ya mashine, inaacha baiti 3 tupu katikati, na rekodi inakuwa ya baiti 8. Mwanafunzi anajaza herufi na namba, anaona kazi imekwisha, anainakili rekodi yote kwenda kwa programu. Zile baiti 3 hazikujazwa na mtu. Zinatoka na chochote kilichokuwamo: kipande cha namba ya siri, au cha anwani ya ndani ya kerneli, ambayo mdukuzi huitafuta kwa udi na uvumba. Kosa la namna hii halionekani hata ukisoma msimbo mara mbili, maana hakuna mstari ulioandikwa vibaya.

Zamani kmalloc ilifuatwa na memset ya kuweka sifuri, mstari ambao ulikuwa rahisi kusahaulika. Mwaka 2005 Linux ikapata kzalloc, inayotenga na kusafisha kwa mkupuo mmoja. Bado, mwandishi wa msimbo sharti aikumbuke.

Toleo la 5.3 la mwaka 2019 liliondoa mzigo huo kwa kuleta init_on_alloc: ikiwashwa, kila kinachotengwa husafishwa, mwandishi akumbuke asikumbuke. Waundaji wa Linux wanaeleza kwamba kazi nyingi hupungua kasi kwa chini ya asilimia 1, ingawa majaribio machache ya makusudi yalifika asilimia 7. Kusafisha wakati wa kurudisha nafasi, yaani init_on_free, hufuta siri mapema zaidi, ila gharama yake kwa kawaida ni asilimia 3 hadi 5. Kwa simu ya bei nafuu, init_on_alloc ndiyo chaguo la busara, na kerneli ya pamoja ya Android iliipokea kuanzia Android 11, mwaka 2020.