Fundi wa Bungoma, Lipia Cheti Kinachokufaa

Umeunda mashine ya kupukuchua mahindi inayokula mafuta kidogo kuliko zilizoko sokoni, na mavuno yanakaribia. Usiipeleke kwenye maonyesho kabla ya kuwasilisha maombi. Kitu kilichokwisha kuonekana hadharani ni vigumu kukitetea kuwa kipya.

Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2001 inakupa njia tatu za ulinzi, zote kupitia KIPI, taasisi ya mali ya viwanda ya Kenya, jijini Nairobi.

Hataza (patent) hudumu miaka 20, lakini inadai mengi. Uvumbuzi uwe mpya, utumike viwandani, na usiwe jambo ambalo fundi mwenye ujuzi angeliwaza bila shida. Lazima uombe uchunguzi ndani ya miaka 3, kisha ada ya kila mwaka ikufuate. Ukiacha kuilipa, ulinzi unakufa.

Modeli tumizi (utility model) hudumu miaka 10, haiongezwi. Inataka upya na matumizi ya viwandani tu, kile kizingiti kigumu cha hataza hakipo. Vifaa, zana, saketi za umeme, hata michanganyiko ya dawa za mitishamba na ya lishe huingia hapa.

Usanifu wa viwandani hulinda sura pekee: miaka 5, unaongezwa mara mbili. Jirani akinakili utendaji wa mashine yako na kubadilisha umbo, huna kesi.

Kwa mafundi wengi wa jua kali, kinachofaa ni modeli tumizi. Mashine ya kupukuchua ikishamaliza miaka 10 sokoni, imeshalipa gharama zake. Tena, ukiwa umeomba hataza na ukaona inakwama, sheria inakuruhusu kugeuza ombi kuwa la modeli tumizi kabla halijaamuliwa.

Sikukuu ya Madaraka 2020, mtoto wa miaka 9 wa Bungoma alipewa tuzo ya Uzalendo kwa mashine ya mbao ya kunawia mikono, inayobonyezwa kwa mguu. Habari zake zilienea nchi nzima. Kifaa cha aina hiyo ndicho modeli tumizi ilichoundiwa.

Sasa pesa zinazojificha. Ada ya kuwasilisha ni mwanzo tu. Omba KIPI orodha ya kila malipo hadi mwaka wa mwisho, kisha ongeza michoro na nauli ya Nairobi. Mkazi wa Kenya halazimiki kuwa na wakala. Ila ukiwa na pesa ya kumlipa kwa kazi moja tu, iwe kuandika madai, yaani sehemu inayotaja unacholinda. Madai mabovu huuacha mlango wazi.

Cheti cha Kenya hakivuki mpaka wa Malaba. Kama wateja wako wako Uganda, kuna ARIPO, shirika la kikanda la mali ya ubunifu lililoko Harare, lakini ada zake huhesabiwa kwa dola. Usikimbilie huko kabla hujauza.

Na kama ulichozalisha Kitale ni aina mpya ya mahindi, usipoteze nauli kwenda KIPI. Mbegu ni kazi ya KEPHIS, shirika la ukaguzi wa mimea.