Maji, Udongo na Uchafu katika Kisiwa cha Unguja: Maelezo ya Mambo na ya Maneno

Madhumuni ya makala haya ni kueleza namna uchafu unavyosafiri ndani ya udongo na katika maji ya chini ya ardhi kisiwani Unguja, na kuonyesha kwamba wakulima wa kisiwa hicho wanayo tayari maneno mengi yatakiwayo kwa kuyaeleza mambo hayo. Huenda msomaji akauliza mambo ya kemia yamhusu nini mwanafunzi wa lugha. Jibu ni kwamba mtu achotaye maji kisimani huongozwa na maneno aliyoambiwa juu ya maji hayo, na neno likiwa na kasoro, kasoro hiyo humfikia tumboni.

Tuanze na usemi ambao husikika mara kwa mara: "Ardhi huchuja maji." Usemi huu si uwongo, lakini ni nusu ya kweli. Kitenzi chuja hutuletea mawazoni chujio la tui: tui hupita, chicha hubaki. Ndivyo ilivyo pia ardhini kwa vitu vyenye umbo, kama takataka na mayai ya minyoo, na hata vijidudu vingi, maji yakipita polepole katikati ya chembe za mchanga. Lakini ukitia chumvi katika tui kabla ya kulichuja, chumvi haibaki pamoja na chicha, hupita. Kila kitu kilichoyeyuka majini kina tabia hiyo, wala hakuna chujio la mchanga liwezalo kukizuia.

Hata hivyo, vitu vilivyoyeyuka havisafiri vyote kwa mwendo mmoja. Vingine huzuiwa kwa njia ya pili, ambayo haifai kuitwa kuchuja: hunata juu ya chembe za udongo. Hapa yafaa tutenge vitenzi viwili. Kusharabu ni kuingiza ndani, kama kitambaa kinavyosharabu maji. Kunata ni kushikamana na uso wa kitu kwa nje tu. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi ya umeme juu yake, na kwa hiyo huvuta vitu vyenye chaji chanya, kama vile risasi na zinki. Amonia itokayo katika mkojo, ikiisha kuyeyuka, huwa kwa sehemu kubwa na chaji chanya, nayo hunata.

Lakini mambo hayaishi hapo. Penye hewa ya kutosha, bakteria wa udongoni huigeuza amonia ile kuwa nitrati, na nitrati ina chaji hasi. Kile kilichokuwa kimenata huachiliwa, nacho huenda pamoja na maji mpaka kisimani. Nitrati haina rangi wala harufu, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Bali maji yakipungua kwa mvuke, nitrati huzidi kukolea. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 50 kwa lita, hasa kwa ajili ya watoto wachanga wanaotengenezewa maziwa kwa maji ya kisima, kwa kuwa nitrati huweza kuipunguzia damu yao uwezo wa kuchukua oksijeni.

Sasa na tuyatazame majina ya ardhi. Mkulima wa Unguja hutofautisha kichanga, ambao ni udongo wa mchanga; kinongo, udongo mwekundu ulio juu ya mawe ya chokaa; na kinamo, udongo mzito wa mabondeni, ambao jina lake latokana na kitenzi nama, yaani kuwa laini na kupindika bila ya kuvunjika. Tena kuna uwanda, nchi wazi yenye udongo haba, na maweni. Wataalamu wa kilimo waliochunguza udongo wa Unguja na Pemba katika miaka ya 1950 waliyatumia majina haya katika maandishi yao, nao hawakukosea, maana kila jina lina habari ndani yake. Kinamo hupitisha maji kwa shida na kunasa mengi. Kichanga hupitisha maji kwa wepesi na kuchuja vijidudu, lakini hunasa kidogo sana vitu vilivyoyeyuka.

Neno maweni lataka kuangaliwa peke yake. Kichanga, kinongo na kinamo ni majina ya vitu, ya ngeli ya KI. Maweni ni jina la mahali, lililoundwa kwa kiambishi -ni: mahali penye mawe. Mkulima hakuuita udongo, kwa sababu udongo wenyewe ni wa kuokoteza katika mianya ya mawe. Nchi ya namna hiyo imeenea sana mashariki na kusini ya kisiwa. Maji ya mvua huchukua hewa ya kaboni kutoka angani na katika udongo, yakawa asidi dhaifu. Asidi hiyo huyayeyusha mawe ya matumbawe, na kwa karne nyingi nyufa hupanuka zikawa mifereji na mapango. Pango la Mangapwani, lenye maji baridi chini yake, ni mfano ambao wengi wameuona kwa macho.

Katika mchanga, maji ya chini ya ardhi mara nyingi hayaendi hata mita moja kwa siku. Katika mifereji ya mawe kama haya huweza kwenda mamia ya mita kwa siku, na pengine zaidi. Hakuna kilichochujwa, hakuna kilichonata, wala vijidudu havikupata muda wa kufa njiani. Kwa hiyo ile kanuni itajwayo mara nyingi, kwamba kisima kiwe mita 30 kutoka shimo la choo, huenda ikamkinga mtu wa kichanga, lakini haimpi mtu wa maweni dhamana yoyote.

Historia ya mjini yatufunza jambo hilo hilo. Mji Mkongwe umejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa juu ya rasi nyembamba ya Shangani, ambako nyumba zimebanana na usawa wa maji hauko mbali chini ya miguu. Kipindupindu kilipoushambulia mji mwaka 1869 na 1870, alikuwapo daktari James Christie, aliyetoa kitabu juu ya maradhi hayo katika Afrika ya Mashariki mwaka 1876. Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi za upande wa kaskazini. Faida ya kazi hiyo haikuwa wingi wa maji tu. Ilikuwa pia kuyatenga maji ya kunywa na mashimo ya nyumbani. Hatusemi kwamba kila mlipuko wa kipindupindu hutoka visimani. Lakini mlipuko wa 2015 na 2016 ulikumbusha kwamba utengano huo haujakamilika.

Pwani ya mashariki kuna hatari nyingine tena. Maji baridi ya kisiwa huelea juu ya maji ya bahari yaliyopenya chini yake, kwa kuwa ni mepesi zaidi. Kwa hesabu ya kawaida, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari inategemezwa na mita 40 hivi zilizo chini yake. Kwa hiyo usawa ukishuka kidogo kwa kuchotwa kupita kiasi, chumvi hupanda sana. Tangu miaka ya 1990 hoteli zimezidi katika pwani hiyo, nazo huchota maji na kuchimba makaro katika mawe yale yale ya maweni.

Kazi ya kuunda istilahi za sayansi imekwisha fanywa kwa bidii, na mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa kamusi ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Lakini istilahi iliyomo kamusini haimfai mwenye kisima mpaka iingie katika maneno ya tangazo analosomewa. Basi twapendekeza mambo matatu. Kwanza, kitenzi chuja kitumiwe kwa kichanga na mfano wake tu. Kwa maweni isemwe kwamba ardhi hupitisha maji, na uchafu hupita nayo. Pili, kunata na kusharabu visichanganywe, wala visifanywe kuwa aina za kuchuja. Tatu, maji yaonekanayo vizuri yaitwe maangavu, na neno salama liwekewe maji yaliyopimwa. Mwanamke wa Jambiani aambiwaye kwamba ardhi imemchujia maji yake hana sababu ya kuyaogopa. Akiambiwa kwamba yeye yuko maweni, na kwamba maweni hayachuji, atakuwa ameelezwa kwa maneno aliyoyajua tangu utotoni, na atajua kwa nini karo la jirani yamhusu.