Saa mbili angani, siku mbili njiani

Katika vikundi vyetu vya akiba swali hili hurudi kila mara: mwenzetu akitakiwa Kinshasa kwa matibabu ya mtoto, tumchangie safari ya muda gani? Wengi hujibu, "Ndege ni saa mbili tu." Ni kweli, lakini hizo ni saa za ndege, si saa za mama.

Tuhesabu pamoja. Toka kiwanja cha Kavumu mpaka N'djili, kwa mstari ulionyooka, ni karibu kilometa 1,500. Ndege ya jeti hukata kilometa 800 hivi kwa saa. Ukiongeza kupaa na kutua, saa mbili zinatimia.

Sasa tuhesabu ya chini. Toka Sange tunapita Luvungi na Kamanyola, tunapanda Ngomo mpaka Bukavu, na mvua ikinyesha gari linaweza kukwama. Kavumu nayo iko kilometa 30 hivi mbele ya Bukavu. Mama mwenye mtoto mgonjwa hulala Bukavu, ndipo asubuhi aende kupima mizigo na kulipa Go-Pass, kodi ya viwanja iliyoanza 2009. Akitua N'djili, bado msongamano wa magari unamngoja.

Tena kuna saa za ukutani. Kinshasa iko nyuma yetu kwa saa moja. Ukiruka Kavumu saa nne asubuhi, unafika kwao ni saa tano. Ukirudi, ukiruka N'djili saa nne, unatua kwetu saa saba. Ndege haikuchelewa, ni saa tu zinazotofautiana. Mwambieni anayekuja kumpokea mgonjwa, asije akakosea.

Mwezi wa pili 2025 vita vilifika Kavumu na ndege za abiria zikasimama. Kilometa zilibaki zile zile, lakini safari ya saa mbili ikawa ya kuzungukia nchi jirani. Hapo tuliona wazi kwamba umbali haupimwi kwa kilometa peke yake. Kwa mstari ulionyooka, hata kiwanja cha Bujumbura kiko karibu na Sange kuliko Kavumu, ila katikati kuna mpaka, na mpaka unataka karatasi na unaweza kufungwa.

Basi, kikundi kinapochanga, tusiishie kwenye bei ya tikiti. Tuandike daftarini gari la kwenda, malazi, chakula cha mtoto, kodi ya kiwanja, gari la kumfikisha hospitali, na njia ya kurudi. Kabla ya kutoa pesa, tuulize kwanza: kiwanja kimefunguliwa? barabara inapitika? karatasi za mtoto zimekamilika? Mama akiishiwa pesa Bukavu, zile saa mbili za angani hazitamsaidia kitu.