KUWATAYARISHA WATOTO KWA MASOMO YA KUOGELEA



Tukitaja kuogelea hapa Ngaremara tunajua wako watakaocheka. Maji ya kunywa yenyewe tunayafuata kwa mtungi, na kiangazi kikizidi akina mama wanachimba mchanga wa laga mpaka mkono unaingia hadi begani. Halafu mtu anakuja na habari ya kuogelea! Si hayo ni mambo ya watalii kule Buffalo Springs?

Tunasema hapana, na sababu iko karibu. Mtoto wa pwani anazaliwa akiyaona maji, anayazoea na anajua tabia zake. Mtoto wa nchi kavu hukutana na maji mengi ghafula, siku ambayo hakuna aliyemfundisha. Tumeona jinsi mvua zilivyokosa misimu mitano mfululizo kuanzia mwisho wa 2020, halafu mwisho wa 2023 zikaja za El Niño kwa kishindo. Mwaka 2024, mvua za Machi hadi Mei zilileta mafuriko yaliyoua watu karibu 300 nchini Kenya. Laga iliyokuwa uwanja wa mpira jana, leo ni mto.

Tena mto wetu una ujanja wake. Ewaso Nyiro unatoka huko juu, Mlima Kenya na Nyandarua, unapita Laikipia, unafika Archer's Post, kisha unateremka Merti hadi kwenye bwawa la Lorian. Ngare Mara na mto Isiolo nayo huingia humo humo. Maana yake ni kwamba mvua inaweza kunyesha milimani usiku, na asubuhi hapa kwetu jua linawaka, mawingu hakuna, mtoto anavusha mbuzi akiona maji ni ya kifundo cha mguu. Tarehe 4 Machi 2010 mto huo ulifurika ukabomoa hoteli na kambi za watalii kando ya hifadhi ya Samburu. Zile zilikuwa nyumba zilizojengwa. Mtoto wa miaka minane atasimama vipi?

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 hivi walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wasiofika miaka mitano. Kati ya mambo ambayo shirika hilo linapendekeza, mojawapo ni kuwafundisha watoto wenye umri wa kwenda shule kuogelea na kujiokoa. Kwa hiyo vikundi vinapotuuliza kama ni halali kutumia pesa za merigoraundi kuwapeleka watoto kwa mwalimu wa kuogelea, jibu letu ni kwamba ni matumizi mazuri, lakini mtoto atayarishwe kwanza. Asipotayarishwa, pesa zitakwenda na mtoto atarudi akiogopa maji kuliko alivyokwenda.

“Akijua, si ndiyo atakwenda mtoni?”

Hili ndilo swali gumu, nalo huulizwa na wazazi wenye akili timamu. Mama mmoja alitueleza hivi: “Mimi mtoto wangu namwambia mtoni kuna mamba, namwambia kuna jini, basi haendi. Nyinyi mkimfundisha mtamwondolea hofu, kesho mniletee maiti.” Hatukumcheka. Hofu imewalinda watoto wengi, na mamba wa Ewaso Nyiro si hadithi.

Lakini tujiulize: hofu hiyo inafanya kazi lini? Inafanya kazi mtoto akiwa na hiari. Mbuzi akitumbukia, mtungi ukichukuliwa na maji, au mdogo wake akiteleza kwenye silanga, hofu haimzuii. Atakimbilia majini, na hajui lolote. Ndiyo sababu mara nyingi unasikia wamekufa wawili, wa kwanza na yule aliyemfuata kumwokoa. Mafunzo mazuri hayaanzi na kupiga mbizi. Yanaanza na kutambua maji ya hatari, kuelea chali, kugeuka na kurudi ukingoni, na kumrupia mwenzako kitu bila kumfuata majini. Kule Bangladeshi, nchi ya mito na madimbwi, kuna mafunzo ya namna hii ambayo mtoto huhesabiwa amehitimu akiweza kuogelea mita 25 na kuelea kwa nusu dakika. Si mbio wala medali.

Mzazi aseme mambo mawili kwa pamoja na asichoke kuyarudia: “Utajifunza kuogelea,” na “Ewaso Nyiro si mahali pa kuogelea, hata ukijua.” Maji yale ni ya udongo, huoni chini, na mkondo hauna huruma hata kwa mtu mzima. Ile habari ya jini tunashauri iachwe. Siku mtoto atakapogundua hakuna jini, atadhani na mamba ni uongo.

Kuanzia nyumbani na beseni

Wengi wanafikiri matayarisho ni kununua nguo. Nguo ni jambo dogo. Jambo kubwa ni uso. Mtoto ambaye hajawahi kutia uso majini kwa hiari, siku ya kwanza atashikwa na woga, atameza maji, na somo litakwisha hapo.

Basi chukua beseni na maji kidogo, yale yale ambayo baadaye utafulia au kunyweshea mbuzi, hayapotei. Mtoto apulize juu ya maji kama anayepoza chai. Kesho yake atie mdomo apulize mapovu. Siku nyingine mdomo na pua pamoja, huku akitoa pumzi na si kuvuta. Baadaye afumbue macho ndani ya maji ahesabu vidole vyako. Juma moja au mawili ya mchezo huo, dakika tano tano, yanatosha. Yule mdogo atataka kuiga, naye mwache aige ukiwa hapo, kisha mwaga maji mara mkimaliza. Mtoto mchanga anaweza kufa maji ndani ya beseni au ndoo. Wala hahitaji mto.

Fundisha pia kulala chali akiwa mkavu kwenye mkeka: masikio chini, macho juu, tumbo juu, mikono imetanuka, pumzi polepole. Mwalimu atakapomwambia “lala juu ya maji,” mwili utakuwa umeshasikia neno hilo.

Usimlazimishe kamwe, wala usikubali mwalimu anayewatupa watoto majini “ili wajifunze kwa nguvu.” Ziko sehemu watu wanajisifu hivyo ndivyo walivyojifunza. Sisi tunasema wanaojisifu ni wale waliotoka.

Umri gani? Kuanzia miaka sita hivi mtoto anaweza kufuata maagizo na kukumbuka. Wadogo zaidi wanahitaji macho ya mtu mzima, si somo. Mtoto mwenye kidonda kibichi, sikio linalotoa usaha, homa au kuhara, abaki nyumbani siku hiyo. Mwenye kifafa mzazi amwambie mwalimu waziwazi, bila aibu. Anaweza kujifunza daktari akikubali, lakini awe na mtu wake peke yake anayeweza kumfikia kwa mkono. Chakula apewe, kidogo, saa moja au mbili kabla. Mtoto mwenye njaa hutetemeka haraka.

Nguo iwe inayobana mwili kidogo. Kaptura na fulana yatosha kama mahali panaruhusu. Leso na gauni pana huvuta maji na kufunga miguu. Kwa wasichana tusiruhusu mavazi yawe sababu ya kubaki nyumbani, maana wao ndio wanaotumwa maji kila siku. Huko Nungwi, kaskazini mwa Unguja, mradi wa Panje ulifundisha wasichana wa Kiislamu wakiwa wamevaa nguo za kuogelea zinazositiri mwili wote, na wengine walijifunza kuelea wakikumbatia mitungi mitupu ya plastiki. Majirani zetu Waborana na Wasomali wa Isiolo wanaweza kuliona hilo na kukubali. Kama wazazi wanataka mwalimu mwanamke, ombeni mwalimu mwanamke.

Mahali na mwalimu

Ile chemchemi ya Buffalo Springs iliyojengewa ukuta ina maji safi, lakini iko ndani ya hifadhi ya wanyama, kuna kiingilio na taratibu, na si shule. Silanga za ng'ombe tusizitumie kufundishia: ni chafu, chini hapaonekani, na maji yaliyotuama yenye konokono yanaweza kuleta kichocho, kama wanavyojua watu wa Mwea na wa kandokando ya Ziwa Viktoria. Linalobaki ni bwawa la hoteli au la shule mjini. Kikundi kikienda pamoja siku ya katikati ya juma, wakati wageni ni wachache, mara nyingi bei huzungumzwa. Gari moja likibeba watoto kumi na tano, nauli nayo hupungua.

Kabla ya kulipa, mweka hazina na wazazi wawili waende kuona kwa macho. Upande wa kina kifupi maji yamfike mtoto wapi? Mwalimu mmoja anachukua watoto wangapi kwa mara moja? Wanaoanza, wanne au watano wanamtosha. Je, anajua kumrudishia pumzi mtu aliyetolewa majini? Akianza kueleza habari ya kumning'iniza mtoto kichwa chini au kumkamua tumbo, shukuruni mwondoke. Inavyotakiwa ni kumlaza chali mahali pagumu, kumpulizia pumzi mbili hadi tano mdomoni, kisha kukandamiza kifua mara 30 kwa haraka, pumzi mbili tena, na kuendelea hivyo mpaka apumue au apelekwe hospitali. Hayo hata sisi wazazi tunaweza kufundishwa na muuguzi wa zahanati kwa alasiri moja.

Watu wazima wawili wa kikundi wakae hapo wakati wote, na mmoja kazi yake iwe kuhesabu vichwa tu, bila simu mkononi. Mithali inasema mfa maji haachi kutapatapa. Watu wengi wanasubiri hayo matapo na makelele. Lakini mtoto anayezama mara nyingi hapigi kelele, maana mdomo uko chini ya maji. Anapotea kimya, kwa muda mfupi kuliko wa kujibu salamu za jirani.

Silanga zetu

Kabla ya mtoto wa kwanza kupelekwa mjini, kuna kazi hapa hapa. Silanga na matangi ya ardhini yaliyotandikwa karatasi ya plastiki ni mtego. Ukingo wake unateleza kama sabuni. Hata mwanamume mzima akiingia hapati pa kushika, na kujua kuogelea kunampa dakika chache tu. Shimo lililoachwa na wachota mchanga likijaa maji ya mvua ni hivyo hivyo. Tunaviomba vikundi vizungushie miiba au seng'enge, na mlango wa kuchotea ufungwe.

Halafu ndani ya silanga ya plastiki teremsheni kamba nene yenye mafundo, au matairi makuukuu yaliyofungwa pamoja kama ngazi, kutoka juu hadi chini, pande mbili. Pembeni uwekwe mtungi mtupu wa lita tano au kumi, kifuniko kimekazwa barabara, umefungwa kamba ya mita kumi na tano. Mtungi huo unaelea na mtoto ataweza kuukumbatia mpaka avutwe. Watoto wote wafanye zoezi la kuurusha kwa lengo, nchi kavu, kama mchezo wa Jumapili jioni, na waonywe kwamba anayerusha halowi miguu. Na wazee wa silanga watangaze mapema: kamba hiyo si ya kufungia mbuzi.