Dhima ya Uhariri katika Picha: Mpaka kati ya Kurekebisha Mwanga na Kubadili Ushahidi

1.0 Utangulizi

Makala haya yanafafanua dhima ya uhariri unaofanywa baada ya picha kupigwa. Wapo wanaochukulia kwamba picha isiyohaririwa ndiyo ya kweli, na iliyohaririwa ni ya uongo. Historia ya fani hii haiungi mkono mtazamo huo. Katika miaka ya 1850, Gustave Le Gray wa Ufaransa alipiga picha za bahari kwa kemikali zilizoathiriwa mno na mwanga wa buluu. Bahari ilipopata mwanga wa kutosha, anga lilitoka jeupe tupu. Kwa hiyo, katika baadhi ya picha zake, aliunganisha negativu mbili: moja ya anga, nyingine ya bahari. Uhariri basi ulitangulia kompyuta kwa muda mrefu, na hapa ulitokana na udhaifu wa chombo mbele ya jicho.

2.0 Kurekebisha Mwanga

Mwaka 1941, Ansel Adams wa Marekani alipiga picha ya mwezi juu ya kijiji cha Hernandez, New Mexico. Negativu ilikuwa moja, lakini picha alizozisafisha kutokana nayo kwa miaka mingi zinatofautiana. Katika chumba cha giza aliukinga mwanga usifike sehemu fulani za karatasi, akauzidisha kwingine. Hakuongeza nyumba wala msalaba wa makaburini. Hata hivyo, mawingu hafifu yanayoonekana angani katika picha za awali yamemezwa na weusi katika zile za baadaye. Kumbe hata kurekebisha mwanga kwaweza kuficha jambo.

3.0 Kuondoa Kilichokuwepo

Mwaka 1936, Dorothea Lange alimpiga picha mama mhamaji na wanawe huko Nipomo, California, akiwa katika kazi ya serikali ya Marekani. Kwenye kona ya chini kulionekana kidole gumba cha mkono ulioshika mlingoti wa hema. Miaka michache baadaye, Lange aliagiza kidole hicho kifutwe kwenye negativu. Roy Stryker, aliyesimamia mradi huo, hakupendezwa. Kidole hakikupunguza wala kuongeza umaskini wa mama yule. Lakini mtazamaji akishajua kimefutwa, ana haki ya kuuliza ni nini kingine kilichofutwa. Swali hilohilo liliibuka mwaka 1982, jarida la National Geographic lilipozisogeza kwa kompyuta piramidi za Giza ili picha ya mlalo ienee kwenye jalada la wima.

4.0 Hitimisho

Mifano hii inaonesha kwamba kiasi cha uhariri hakitoshi kuwa kigezo. Adams alibadili mengi, Lange alibadili kidogo; lakini kazi ya Adams ilitolewa kama sanaa, ilhali ya Lange ilitolewa kama ushahidi. Kigezo kinachopendekezwa ni ahadi ambayo picha inampa mtazamaji. Kwa mtafiti anayeambatisha picha za uwandani katika tasnifu, ahadi hiyo ni ya ushahidi. Hivyo basi, anapaswa kuhifadhi faili la awali na kueleza katika maelezo ya picha kila badiliko alilofanya, hata likiwa la mwanga tu. Bila hivyo, mtahini hana njia ya kutenganisha kilichoonwa uwandani na kilichotengenezwa mezani.