Kichwa Kinauma, Lakini Tazama Shingo

Karani mmoja anakuja kwetu na kusema: "Munganga, malaria imerudi. Kila mangaribi kichwa kinanibana kama kimefungwa kamba." Tunapima damu yake: hakuna malaria. Hana homa. Basi tunamwuliza: "Katika biro unaketi namna gani?" Anainama mbele kutuonyesha, na hapo tunaona chanzo.

Kichwa cha mtu mzima ni kizito, karibu kilo 5. Kikikaa sawasawa juu ya mabega, mifupa inakibeba. Kikiinama juu ya karatasi, ordinatere ao telefone, misuli ya shingo inakivuta siku nzima kisianguke. Jaribu kushika ndoo ya maji kwa mkono ulionyoshwa: upesi mkono unatetemeka. Shingo nayo inachoka, inakuwa ngumu, na maumivu yanapanda kichwani.

Je, tumeze vidonge kila siku? Hapana. Mtu anayemeza dawa ya maumivu siku 15 ao zaidi kila mwezi, mwezi kwa mwezi, anaweza kuumwa kichwa kwa sababu ya dawa yenyewe.

Fanya hivi:

1. Inua ordinatere juu ya vitabu, macho yatazame mbele. Nyayo zikanyage chini, mgongo uegemee kiti.
2. Kila nusu saa simama, tembea kidogo.
3. Vuta kidevu nyuma bila kuinamisha kichwa. Hesabu mpaka 5, legeza. Mara 10.
4. Inua mabega karibu na masikio, kisha yashushe. Mara 10.
5. Laza sikio polepole upande wa bega, hesabu mpaka 20. Kisha upande wa pili. Usilazimishe. Mkono ukifa ganzi, acha, uje tukuone.
6. Mangaribi weka shingoni kitambaa cha maji ya moto yasiyounguza, dakika 15.

Endelea kwa majuma mengi. Shingo iliyochoka miaka haiponi kwa siku moja.

Lakini kimbia hospitali kama kichwa kimeuma ghafula kwa nguvu sana, kama una homa na shingo imekauka, kama mkono ao mguu umelegea, kama maneno hayatoki vizuri, ao kama ulipigwa kichwani. Mama mwenye mimba anayeumwa sana kichwa, ao anayeona giza machoni, asingoje kesho.

Ndugu, usinunue dawa ya malaria kwa kila kichwa kinachouma. Pima damu kwanza. Kisha tazama kiti chako.